Mbwa wa Ua Anapoingia Msituni: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Jumapili saa mbili asubuhi, kwenye geti la msitu wa Karura, Nairobi, upande wa Limuru Road, utawaona wakishuka garini. Mbwa mkubwa mwenye mgongo mweusi anatangulia, kamba inafuata, na mwisho kabisa anakuja mwenye mbwa, mikono yote miwili imeng'ang'ania kamba, mwili umelalia nyuma kama mvuvi anayepandisha ngalawa ufukweni. Dakika 20 baadaye unawapita njiani. Mbwa amejilaza ubavu, ulimi nje, hasikii la mtu. Mwenyewe anakuuliza, "Huyu ana nini?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na kabla ya hapo nililiuliza mimi. Mbwa wangu anaitwa Soja. Miaka yake miwili ya kwanza aliishi kama mbwa wengi wa Nairobi: mchana kafungiwa kibandani, usiku kaachiliwa uani abweke hadi alfajiri, jioni ugali na matumbo, chanjo mara moja kwa mwaka. Siku nilipompeleka msituni kwa mara ya kwanza, karibu kila tatizo lililoandikwa hapa chini lilitupata asubuhi hiyo hiyo, isipokuwa nyoka. Shida ilionekana msituni, lakini nyingi tulitoka nayo nyumbani. Kwa hiyo kila nitakapoeleza la kufanya njiani, nitarudi kidogo uani.

Anavuta kamba tangu getini

Watu husema mbwa ni mkaidi. Si ukaidi. Mnyama aliyekaa siku sita ndani ya ukuta wa mawe amefikishwa mahali ambapo kila jani lina habari: hapa amepita paa, hapa kima wameangusha tunda, hapa mbwa mwingine amekojoa jana. Pua yake inasoma yote hayo kwa mkupuo, na wewe unamwambia atembee taratibu.

Sababu ya pili ni namna tunavyomfunga. Mnyororo wa chuma shingoni humfundisha kuvuta, kwa kuwa ukimvuta nyuma naye hujikaza mbele. Ndivyo mwili wake ulivyo. Kamba ya kujikunjua yenyewe ni mbaya zaidi, maana kadiri anavyovuta ndivyo inavyomwongezea nafasi. Tafuta kamba ya kawaida ya mita moja na nusu au mbili, na mkanda wa kifuani wenye pete mbele ya kifua. Akivuta, mkanda huo humgeuza akutazame badala ya kumkaba koo.

Njiani fanya hivi. Usianze kutembea mara tu mlango wa gari unapofunguka. Simama naye kando, chini ya mti, dakika kumi, anuse atakavyo. Kisha anza. Kamba ikikazika, simama. Usimvute, usimkemee, simama tu kama mti. Ikilegea, endelea. Ni kazi inayochosha na wapita njia watakucheka. Mimi na Soja tulitumia nusu saa kumaliza umbali ambao mtoto angeukimbia dakika mbili, na mama mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi alitupita akienda na akatupita tena akirudi. Jumapili ya nne kamba ililegea yenyewe.

Nyumbani dawa ni nyepesi ila wengi hatuipendi: dakika 20 za kumtembeza mtaani kila siku, hata jioni ya mvua. Mbwa asiyetoka Jumatatu hadi Jumamosi atazimaliza nguvu zote za wiki ndani ya robo saa ya Jumapili.

Amejilaza katikati ya njia, hataki kuendelea

Hapa usikimbilie kumwita mvivu. Kagua kwa mpangilio: miguu, mdomo, kisha mazingira.

Miguu kwanza. Inua kila unyayo, tenganisha vidole, pitisha kidole chako kwenye nyama laini iliyo katikati. Utakuta mwiba, kijiwe, utomvu ulioganda, au mbegu za kishona nguo zilizosokotana na manyoya hadi zikawa kama donge. Zitoe kwa vidole, usizikate kwa mkasi mbwa akiwa anatapatapa. Kisha angalia kucha. Mbwa wa ua, hasa anayeshinda amefungiwa, kucha zake hazisuguliwi vya kutosha. Akitembea sebuleni na ukasikia tak-tak-tak sakafuni, ujue zimezidi. Njia ikiteremka, kucha ndefu husukuma vidole nyuma kwa kila hatua, na baada ya kilomita tatu mbwa huamua kwamba imetosha. Zipunguze siku kadhaa kabla ya safari, si asubuhi ya safari.

Ngozi ya unyayo nayo hukomaa kwa mazoezi. Mbwa aliyezoea sakafu laini, ukimpeleka siku ya kwanza mwendo wa kilomita kumi kwenye changarawe, atarudi na malengelenge au ngozi iliyobanduka. Anza na kilomita mbili au tatu. Ikishabanduka, osha kwa maji safi, funga kwa kitambaa safi, na matembezi yaishie hapo.

Mdomo: inua mdomo wa juu uone ufizi. Ufizi wa mbwa mzima ni wa waridi na una unyevunyevu. Bonyeza kwa kidole hadi pawe peupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ukiwa mwekundu sana na anahema kwa nguvu, ruka hadi kwenye sehemu ya joto hapa chini. Ukiwa mweupe kama karatasi, matembezi yamekwisha. Mbebe, nenda kwa daktari wa mifugo.

Kama miguu ni mizima na ufizi ni mzuri, tazama mazingira. Soja aligoma mbele ya daraja la mbao kwa sababu aliona maji kupitia mianya ya mbao. Hakuwa amewahi kuona sakafu inayoonyesha kilicho chini yake. Nikamburuta hatua mbili, akakojoa papo hapo. Wiki iliyofuata nilikaa juu ya daraja lile, nikala chapati yangu kimya, nikamwacha aamue. Alikuja kwa tumbo, akitambaa kama mamba, lakini alikuja.

Anaruka, analia na kujiuma miguu ghafla

Siafu. Kama mvua imenyesha jana na mpo kwenye misitu ya nyanda za juu, usitafute maelezo mengine kabla ya kuangalia chini.

Siafu huvuka njia kwa mstari mweusi wenye upana wa vidole viwili, na ukitazama kwa karibu utaona mstari una kuta: askari wakubwa wamesimama pembeni, vichwa juu, mataya wazi, na wadogo wanapita katikati. Binadamu huruka mstari huo. Mbwa huingiza pua. Ndani ya sekunde chache wameshapanda hadi kwapani, na huuma kwa pamoja.

Kosa tunalofanya wote ni kuinama palepale kumsaidia. Siafu wanazidi kupanda, sasa na kwako. Kimbia naye kwanza, mita 20 au 30, hadi mahali ambapo ardhi ni safi na huoni hata mmoja. Halafu ndipo uinue unyayo na kuwatoa mmoja mmoja kati ya vidole, kwapani, masikioni na sehemu za siri. Kichwa kikibaki kimening'inia kwenye ngozi, kibane kwa kucha ukitoe. Maji hayasaidii sana. Siafu aliyeuma haachii kwa kuloweshwa.

Kama hakuna siafu na mbwa anajikuna usoni na tumboni kwa hasira, huenda amepita kwenye upupu au kwenye ile mimea yenye miba midogo ya kuwasha ambayo Wakikuyu huiita thabai na hata kuipika. Suuza kwa maji mengi, usimsugue kwa mkono mtupu. Uso ukianza kuvimba na kupumua kukawa kwa shida, hiyo si thabai tena. Pengine ni nyuki, na ni safari ya haraka kwa daktari.

Anatikisa kichwa, anapiga chafya mfululizo, au analamba unyayo mmoja bila kuacha

Mara nyingi ni mbegu ya nyasi, ile yenye ncha kali mbele na mkia mgumu nyuma. Umbo lake linairuhusu kwenda mbele tu. Ikiingia sikioni, puani au kati ya vidole, kila mbwa anapojitikisa inazidi kuzama, na inaweza kutoboa ngozi ikasafiri ndani ya mwili. Ukiiona yote, ivute. Usipoiona, usichokonoe kwa kijiti cha pamba. Kichwa kilichoinama upande mmoja baada ya matembezi ya nyasi ndefu kinatosha kuwa sababu ya kumwona daktari siku hiyo hiyo. Baada ya mvua ndefu kukatika, nyasi zinapokauka, mimi humpunguza Soja manyoya ya kati ya vidole na kubaki kwenye njia pana zenye kivuli.

Anahema kupita kiasi, udenda mzito, anayumba

Hili ndilo tatizo linaloweza kuua ndani ya matembezi ya kawaida kabisa, na Nairobi hutudanganya kwa baridi yake ya asubuhi. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hupoza mwili karibu wote kwa kuhema, na kidogo sana kupitia nyayo. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likipita 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Wenye pua fupi, wanene, wazee na wenye manyoya mazito hufika huko mapema.

Dalili za mwanzo: ulimi umepanuka nchani kama kijiko, anatafuta kila kivuli, anachelewa kuitika. Simama hapo. Dalili za hatari: udenda mzito unaonata, ufizi mwekundu uliokolea, kutapika, kuyumba, macho yasiyoona.

Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni, kwapani na miguuni, na umpepee kwa chochote: kofia, kadibodi, fulana yako. Upepo juu ya maji ndio unaopoza. Usimfunike kwa taulo bichi ukaiacha, maana baada ya dakika chache inafungia joto ndani. Mpe maji anywe kidogokidogo mwenyewe, usimlazimishe. Kisha daktari, hata kama ameonekana kupata nafuu.

Chanzo, safari hii, kipo kwenye saa na kwenye begi. Ingia saa moja au saa mbili asubuhi, toka kabla ya saa nne na nusu, hasa Januari na Februari. Beba lita moja ya maji ya mbwa peke yake, na kibakuli. Usitegemee mto: maji yanayopita Karura yamepitia mitaa ya watu kabla ya kufika pale, na madimbwi yaliyotuama yanaweza kuwa na mkojo wa panya, unaobeba ugonjwa wa leptospirosisi. Upo kwenye orodha ya chanjo za mbwa. Uliza kama wako amechanjwa.

Ameona kima, haitiki tena

Tukubali kwanza kwamba mbwa wetu wengi hawajafundishwa kuitika. Wamefundishwa kunyamaza na kula. Isitoshe tunawaamrisha kwa Kiingereza tunachokitumia kwao tu, mama anasema neno hili, kijana wa shamba lile, watoto jingine. Chagueni neno moja nyumba nzima. Soja huitikia "njoo", na kila akija hupata kipande cha nyama kavu. Tulianzia jikoni, tukahamia uani, tukamalizia nje ya geti. Msituni ni mtihani wa mwisho, huwezi kuanza masomo hapo.

Na hata akifaulu, kamba haitoki. Kanuni ya Karura ni mbwa kuwa kwenye kamba muda wote, na ina sababu. Humo mna paa wadogo wasiomzidi mbwa kimo, pongo, kanga, na mbega waliorudishwa msituni baada ya kutoweka. Pongo dume akibanwa hugeuka na pembe. Kima dume ana meno marefu kuliko unavyodhani. Mbuga za taifa hazipokei mbwa kabisa, kwa hiyo usiende na wako hadi getini ukitarajia kuombewa. Na kwenye misitu ya Aberdare na pembezoni mwake, kumbuka kuwa chui hupenda sana nyama ya mbwa.

Akishachomoka, usimkimbize; atadhani mnawinda pamoja. Kaa mahali alipokuacha, ita kwa sauti ya furaha hata kama moyoni unatukana, acha shati lako chini. Mbwa wengi hufuata harufu yao wenyewe kurudi walikoanzia.

Anabwekea watu, au watu wanamkimbia

Mbwa aliyelipwa ugali kwa kubwekea kila mgeni anafanya kazi yake. Kwake, mtu anayekimbia na viatu vya rangi ni mwizi aliyechelewa kutoka. Ukiona mtu mbele, ondoka njiani mita tano, fupisha kamba, mpe mbwa kitu cha kutafuna hadi mtu apite. Rudia mara hamsini. Taratibu ataanza kuelewa kwamba mgeni ni habari njema.

Upande wa pili ni wetu. Ile "usiogope, hang'ati" tunayoipiga kelele kutoka mbali haimsaidii mtu yeyote. Wengi wetu tumekua na mabango ya "Mbwa Mkali" kila geti, na wapo walioumwa utotoni. Wapo pia Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, wengi hapa kwetu, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi nzito: yakigusa nguo, huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kabla ya kuswali. Kwa mtu huyo pua ya mbwa wako kwenye kanzu si mapenzi. Fupisha kamba, pisha njia, salimia. Inatosha.

Akimng'ata mtu au aking'atana na mbwa usiyemjua, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, na mtu aende hospitali siku hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, na Kenya bado ipo mbali na lengo lake la kumaliza vifo vyake ifikapo mwaka 2030. Cheti cha chanjo kiwe ndani ya gari. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake abaki nyumbani.

Kinyesi, kwa kuwa swali hili huulizwa kwa aibu: beba mfuko, okota, toka nao. Watu walipigwa hapa Karura Januari 1999 pamoja na Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, wakitaka kupanda miti kuutetea msitu huu. Kuokota kinyesi cha mbwa hakutakuvunja mgongo.

Amepiga ukelele mmoja na mguu au uso unavimba

Fikiria nyoka, zaidi kwenye nyasi na mawe kama vilima vya Ngong. Kifutu hakimbii, hulala njiani akiota jua na kuuma akikanyagwa au kunuswa. Uvimbe huja haraka. Usimfunge mguu kwa kamba, usichanje, usinyonye, usimtafute nyoka. Mbebe mbwa, asitembee, vua mkanda wa shingo kabla uvimbe haujaubana, piga simu kwa daktari ukiwa njiani ili ajue unakuja. Kama ni swila ametema mate machoni, mmwagie maji mengi machoni dakika 15 bila kumsugua, kisha nenda.

Wiki mbili baadaye: hataki kula, amelegea, ufizi umepauka

Matembezi mmeshayasahau. Mbwa ameacha chakula, ana homa, analala pembeni. Pengine mkojo una rangi ya chai ya rangi, pengine damu inamtoka puani. Hiyo ni homa ya kupe hadi daktari aseme vinginevyo. Kuna aina zaidi ya moja, na tofauti yake huonekana kwa kipimo cha damu, ndiyo maana kununua vidonge dukani kwa kukisia ni kupoteza siku ambazo mbwa hana.

Kila mkitoka msituni mpapase kabla hajapanda garini: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kati ya vidole, chini ya mkia. Kupe ukimpata, mbane kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja taratibu bila kuzungusha. Usimpake mafuta ya taa, usimchome kwa kiberiti.

Lakini kabla ya kuulaumu msitu, chukua tochi usiku uingie kwenye kibanda cha mbwa. Kupe wa kahawia wa mbwa hahitaji msitu hata kidogo. Huzaliana nyumbani, kwenye nyufa za ukuta na chini ya mbao, jike mmoja akitaga mayai kwa maelfu, na waliokomaa hukaa miezi bila kula wakimngojea mbwa alale. Mimi niliwakuta kwenye ufa uliokuwa usawa wa sikio la Soja, wamepangana kama punje za maharage. Nilikuwa nimempulizia dawa kila Jumapili jioni tukitoka Karura, kisha nikamrudisha kulala humo humo. Fundi aliziba nyufa kwa saruji, kibanda kikapigwa dawa ya kupe mara mbili ili hata walioanguliwa baadaye wasisalimike, na daktari akampa Soja kinga ya kupe ya kila mwezi. Ukimpeleka wako, mwambie daktari tarehe mliyotembea, na mwambie pia anapolala.